Nilitumia Maombi Kumlipizia Rafiki Aliyeharibu Kitabu Chetu

Nilitaka alie. Wacha nianze hapo, kwa sababu nimechoka kujidanganya eti nilikuwa namtetea Mungu, ama nilikuwa natetea kitabu. Nilitaka rafiki yangu alie mbele ya watu, vile mimi nililia nikiwa nimejifungia choo cha ukumbi, nimeuma mkono wa sweta ili nisisikike.

Na nikapata nilichotaka. Aki, nikapata na zaidi!

Mimi ni mama wa mtoto mmoja. Naishi Kiamunyi, nashona na kuuza mapazia hapa Nakuru mjini. Jina langu wacheni. Rafiki yangu nitamwita Chebet na msichana wangu nitamwita Shiko. Hayo si majina yao.

Mimi na Chebet tulijuana sekondari. Kitanda kimoja cha dabo, yeye juu, mimi chini. Alikuwa ametoka Mau Narok, kwa watu wa waru, yaani viazi, na ngano, Kiswahili chake kikiwa na baridi ya huko. Kilichotuunganisha ni kitabu. Sitakitaja jina, kimeshateseka vya kutosha.

Ni riwaya ya mambo ya ajabu, ya msichana anaitwa Sienya. Ndugu zake wamegeuzwa ndege wa ziwani, na yeye anashuka ndani ya mlima wa moshi kuwatafutia dawa. Huko chini anakutana na Mfalme wa Mvuke, ambaye anataka kumuoa na kumpa kila kitu. Sienya anakataa. Anarudi juu mikono mitupu, nywele zimeungua, ndugu zake bado ni ndege. Lakini wanamtambua. Anatembea kando ya ziwa na wao wanamfuata.

Hivyo tu. Huo mwisho, jameni! Tuliusoma na tochi chini ya blanketi. Na miaka mingi baadaye, baba Shiko aliponiacha, niliusoma tena na tena, kwa sababu ulikuwa unaniambia mwanamke anaweza kurudi nyumbani bila chochote na bado awe mtu. Nakala yangu ilikuwa imeshikwa na selotepu kila mahali. Shiko alipoenda sekondari nikampa aende nayo.

Sasa, Chebet alisomea mambo ya filamu. Kampuni fulani ikapata ruhusa ya kutengeneza filamu ya hicho kitabu, na yeye ndiye akapewa kazi ya kuiandika. Alinipigia simu akipiga kelele kama mtu ameshinda kura.

"Ni Sienya wetu!" akasema. "Nitamlinda. Si unanijua?"

Nilimjua. Ama nilidhani namjua.

Wakati anaandika alikuwa akikuja dukani kwangu mchana, anakaa juu ya marobota ya vitambaa, ananisomea. Siku moja alikuja akicheka. Kwa kitabu, watu wa moshi, wale wa chini ya mlima, wanaimba wimbo wa kumuita Mfalme, lakini mwandishi hakuandika maneno yake. Chebet alitafuta maneno mpaka akachoka, akachukua majina ya miji yetu akayasoma kutoka nyuma. Gilgil ikawa liglig. Molo ikawa olom. Tulicheka mpaka mteja akatuangalia vibaya akatoka. Jioni nikamwambia Shiko, naye akaanza kuimba akiosha vyombo, "Olom, olom, liglig!" Hata mimi nikaitikia nikikata sukuma wiki.

Kumbukeni hilo. Nilijua hayo maneno yametoka wapi.

Filamu ikaonyeshwa mara ya kwanza Jumamosi moja mchana, kwa ukumbi hapa mjini. Tulikuwa wengi, watu wa kitabu, tunaojuana kwa kundi letu la wasapu. Shiko alikuwa amefunga shule, nikaenda naye. Nilikuwa nimesuka nywele. Nilikuwa na furaha ya kijinga.

Wee! Mfalme wa Mvuke, ambaye kwa kitabu ni kitu cha kutisha kisicho na uso, alikuwa kijana mrembo wa kifua wazi, amepakwa mafuta kama chapati. Nikasema sawa, vumilia. Sienya akaanza kumuangalia na macho ya mapenzi. Nikasema vumilia tu.

Halafu katikati ya filamu akatokea mama mmoja ambaye hayuko kwa kitabu kabisa. Jirani yake Sienya. Kazi yake ni kuingia nyumba za watu akisema, "Mimi sisemi kitu, lakini..." kisha anasema kila kitu. Ukumbi ukacheka. Kila akisema hivyo, ukumbi unacheka.

Shiko akanigeukia. "Mum, kwa nini huyo anaongea kama wewe?"

Ni maneno yangu. Anayenijua atakuambia. Yule mwigizaji alikuwa ameweka mkono kiunoni vile naweka, na anavuta pumzi kwa meno kabla ya kusema umbea, vile navuta.

Nikajifanya nacheka pia. Halafu ikaja sehemu ya mkeka.

Wacha niwaeleze kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu. Baba Shiko hakuniambia ananiacha. Nilienda Gilgil kupimia mteja madirisha, na nikipita kwa nyumba moja nikaona mapazia yangu. Rangi ya maziwa, maua ya zambarau, upindo wa mara mbili, kazi ya mikono yangu. Yalikuwa yamepotea dukani nikafikiri ni mwizi. Nikasimama pale. Pazia likafunguliwa, na aliyefungua ni yule dada aliyekuwa akinisaidia dukani, na nyuma yake mume wangu na kikombe cha chai.

Hiyo hadithi niliambia Chebet peke yake. Nilimwambia nikiwa nimelala kwa mapaja yake, ananishika kichwa.

Kwa filamu, yule mama mbea anapita kijiji cha pili na anaona mkeka aliosuka mwenyewe umetandikwa mlangoni kwa mwanamke mwingine. Anainama, anaupapasa, anasema, "Mimi sisemi kitu, lakini huu mkeka naujua." Na mumewe anatoka ndani akitafuna.

Ukumbi ulipasuka! Watu walipiga makofi. Mwanaume mmoja nyuma yangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikasimama, nikasema nataka choo.

Nilirudi mwisho. Nikapata Sienya anaolewa na Mfalme. Harusi! Ndugu zake wamegeuka watu, wanacheza, maua yanaanguka, kamera inazunguka juu ya ziwa. Yaani kitabu changu walikiua, na mimi wakanivua nguo juu ya maiti yake.

Chebet alikuwa amesimama mlangoni akikumbatia watu. "Umeionaje?" akaniuliza. Alikuwa ananiangalia macho, hasa.

"Nzuri sana," nikasema. "Hongera, mpenzi."

Nikamkumbatia. Nikiwa nimemkumbatia ndio niliamua.

Sikutaka kugombana naye. Kugombana angejitetea, tungelia, tungesameheana. Sikutaka kusamehe! Nilitaka kitu ambacho hangejua kimetoka wapi.

Katikati ya wiki huwa tuna maombi ya akina mama kanisani, mchana. Kila mtu anatoa ombi lake. Zamu yangu ikafika. Nikainamisha kichwa, nikashusha sauti.

"Naomba tumuombee rafiki yangu," nikasema. "Mimi sitaki kumtaja. Ametengeneza filamu. Mko na watoto, mtaisikia tu. Ndani yake kuna wimbo wa kuita mfalme wa chini ya ardhi. Hayo maneno si ya kutunga. Aliyapata kwa watu wa mizimu, huko ndani ya krateri, lile shimo kubwa la mlimani. Tangu hapo hajawa yule ninayemjua."

Mkaona? Ati sitaki kumtaja!

Mama mmoja akasema, "Yesu!" Mwingine akaniuliza maneno yenyewe ni gani. Nikasema siwezi kuyatamka ndani ya kanisa. Nikatoa machozi, na yalikuwa ya kweli, ya ule mkeka. Wakaniwekea mikono. Mmoja akasema niko na moyo wa ajabu, kumuombea mtu kama huyo.

Nilitembea kwenda stendi nikiwa mwepesi kama karatasi. Sitawadanganya. Nilinunua mahindi choma nikala nikitabasamu.

Jumapili pasta akahubiri juu ya hiyo filamu. Alikuwa ametafuta kipande chake kwa simu. Akasema wazazi wachunge, kuna nyimbo za mapepo zinaletewa watoto kama burudani. Mtu akamrekodi. Wiki hiyo kila simu Nakuru ilikuwa na ile video. Pasta anauliza, "Liglig ni nani? Huyo Liglig ni nani?" na watu wanaitikia, "Ashindwe!"

Mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili. Nilijua Liglig ni nani. Liglig ni pale lori za waru zinasimama, pale kambi ya jeshi, pale nilipoona mapazia yangu. Nikainua mkono na wengine nikasema ashindwe. Na tumbo langu lilikuwa linacheka!

Kwa kundi la wasapu nikaendelea kuchochea. Mtu akisema hizo ni porojo, naandika, "Mimi sisemi kitu, lakini mimi namjua." Mwenye ukumbi akaogopa, akafuta maonyesho yote yaliyobaki. Miji mingine ikafuata. Chebet akanipigia akilia. Hatimaye! Nikaweka simu kwa sikio nikamsikiliza analia, nami nikimwambia pole, nikiendelea kubandika pini kwa kitambaa.

"Nani anaweza kunifanyia hivi?" akauliza.

"Watu ni wabaya," nikamwambia.

Kama hadithi ingeishia hapo, haki ya Mungu sijui kama ningeandika hapa. Nasema ukweli.

Lakini kitu kama hicho hukiambii kisimame. Mama yake Chebet ndiye alikuwa anaongoza kwaya ya akina mama huko Mau Narok, kwa tawi la kanisa letu. Wakamuita mbele, wakamwambia amkane binti yake ndio aendelee kuimba. Mama akasema hawezi kumkana mtoto aliyemzaa kwa sababu ya wimbo. Wakamvua sare ya kwaya palepale. Hawa akina mama huwa wanasaidiana kuvuna, leo kwako, kesho kwangu. Ilipofika zamu yake hakuna aliyekuja. Mvua ikakuta waru zikiwa chini, zikaoza.

Niliposikia hayo iliniuma kidogo. Kidogo tu. Nikasema binti yake ndiye amemletea.

Halafu ikanifikia.

Shule zilikuwa zimefunguliwa, nikapigiwa simu kutoka shule ya Shiko, niende haraka. Nilimpata kwa ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, amesimama, macho mekundu, mkono wake una malengelenge. Woiye! Nikauliza mtoto wangu amechomwa na nini.

Naibu akanieleza kwa upole. Ni mama wa kanisa letu, tunajuana. Wazazi walilalamika, shule ikakusanya hicho kitabu chote, cha maktaba na cha wanafunzi, kikachomwa kwa shimo la takataka nyuma ya jikoni. Shiko alikataa kutoa chake. Wakamnyang'anya. Akakimbia shimoni akaingiza mkono kwa moto.

Alikuwa ameokoa jalada la nyuma. Alikuwa amelishika. Selotepu ilikuwa imeyeyuka ikamshika ngozi.

"Na isitoshe," naibu akasema, "aliniimbia huo wimbo usoni. Mbele ya wanafunzi wengine, Mama Shiko!"

"Nilikuwa nakuelezea, mwalimu!" Shiko akasema. "Liglig ni Gilgil! Ukisoma kutoka nyuma! Na olom ni Molo! Si pepo!" Akanigeukia, na uso wake ukafunguka kama mtu ameona gari la kumchukua nyumbani. "Mum, mwambie. Wewe ndio uliniambia. Mum, mwambie ni Gilgil."

Naibu akaniangalia. Alikuwepo siku ya yale maombi. Alikuwa ameniwekea mkono begani.

Ningesema neno moja tu. Moja!

"Sijui," nikasema. "Sijui hayo ameyatoa wapi."

Shiko hakulia. Aliniangalia, akamuangalia naibu, halafu nikaona anaelewa. Huyo mtoto si mjinga. Alikuwa ukumbini, aliona nikisimama, alisikia yule mama wa filamu anaongea kama mimi. Akapanga vitu kichwani kimoja baada ya kingine, mimi nikiwa naona.

Tukapewa ruhusa arudi nyumbani apone mkono. Tulipofika akaniuliza akiwa bado amesimama mlangoni.

"Ni wewe ulianzisha?"

"Shiko, huelewi alinifanyia nini."

"Ni wewe."

Akaingia chumbani akafunga.

Kesho yake nikaenda Mau Narok. Sijui nilitaka nini, labda nilitaka mtu anipige. Niliwapata shambani, Chebet na mama yake, wanachimba kuona kama kuna kitu kimebaki. Harufu ya waru zilizooza ni mbaya, inakaa kwa koo. Nikawaambia nikiwa nimesimama kwa matope. Nikasema yote, ombi, machozi, Gilgil, Shiko, moto.

Nilingoja Chebet ashangae. Hakushangaa.

"Nilifikiria ni wewe," akasema. "Nikasema hapana, hawezi."

"Uliniweka kwa filamu, Chebet! Uliweka mapazia yangu!"

"Ndiyo." Akachomeka jembe chini. "Nilijua itakuuma. Nilitaka ikuume. Unakumbuka uliandika nini kwa kundi nilipopata hiyo kazi? 'Mimi sisemi kitu, lakini mtu wa kuchimba waru ataandika filamu gani?' Watu wakacheka siku nzima, na mmoja wao akanitumia. Halafu jioni ukanipigia tena kunipongeza."

Jameni, nilikuwa nimesahau! Niliandika nikingoja mteja, nikaona watu wanacheka, nikasahau. Yeye aliibeba mpaka ikawa mkeka.

"Basi tumelipana," nikasema. Huo ndio upumbavu uliotoka mdomoni mwangu.

"Mimi nililipa kwako," Chebet akasema. "Mama yangu alikukosea nini? Shiko alikukosea nini?"

Nikamgeukia mama yake. Huyo mama alinilisha nikiwa msichana, likizo nzima nilikuwa nakaa kwake. Nikasema, "Mama, nisamehe." Alikuwa ameinama, anachagua waru kwa vidole, nzuri huku, mbovu huku. Chupa ya chai ilikuwa kando yake na vikombe vimefunikwa na kitambaa.

"Leo hakuna chai," akasema.

Basi.

Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani wakati wa ushuhuda. Nikashika maiki nikasema nilidanganya. Nikasema huo wimbo ni majina ya miji, someni wenyewe kutoka nyuma mtaona. Watu wakaanza kunong'ona. Kijana mmoja akacheka, nafikiri alikuwa ameshaisoma. Pasta akakuja taratibu, akanishika mkono, akachukua maiki.

"Mnaona?" akawaambia. "Mnaona vile adui anafanya kazi? Sasa amemuingia hata dada yetu."

Wakaniwekea mikono. Walewale! Wakakemea, wakanisukuma kichwa, wakimwambia Liglig anitoke. Nikajaribu kusema ni Gilgil, ni Gilgil tu, na kila nikisema wanaongeza sauti. Nikaanguka kwa sababu walinisukuma. Watu wakashangilia.

Tangu siku hiyo mimi ndio ombi la katikati ya wiki. Nasikia hawanitaji jina.

Shiko alirudi shule mkono ulipopona. Akiwa nyumbani ananijibu ndiyo na hapana. Nilimtafutia nakala nyingine ya kitabu, nikamwekea mezani. Iko hapo bado. Chebet amehama, namba yake haishiki. Filamu nayo watu wanaitafuta kwa simu zao sasa kuliko mwanzo, wanataka kumuona huyo pepo. Wanamkuta yule mama mbea, wanamcheka, na bado nikikumbuka kile kicheko cha ukumbini kuna kitu kinanichoma hapa kifuani na nataka kumtafuta Chebet nimuumize tena. Mpaka leo! Mtu asikudanganye eti ukilipiza inaisha.

Kwa hivyo wewe uliyeumizwa, ukiwa na hasira hata uwe na haki yote, mwendee aliyekukosea. Mgonge mlango, mtukane kama ni lazima, mwambie umeniua. Mlie wote wawili. Lakini usiende kuitoa hiyo hasira kwa mtu aliyeshika maiki. Ukishampa si yako tena. Ataitembeza mahali hujui, itaingia kwa mashamba ya watu, kwa shule, kwa mkono wa mtoto wako. Na siku utakayosimama kuirudisha useme ukweli, watakuwekea mikono kichwani mpaka unyamaze.